Hiyo ni Salfa Tu

Kazini walimwita Bi Shaba. Alijua, na hakukasirika, kwa sababu jina la utani halikosi chembe ya ukweli. Mama huyu alikuwa amekaa na kipande kimoja cha shaba muda mrefu kuliko wanawake wengi wanavyokaa na waume zao. Kipande chenyewe kilikuwa kidogo, kinalingana na kifungo cha shati, kimekatwa na kusuguliwa mpaka uso wake ukawa hauna mkwaruzo. Kiliishi ndani ya chungu kikubwa cha chuma chenye vidirisha vya kioo, na pampu zilikuwa zikinyonya hewa humo bila kupumzika. Hewa ni adui wa kazi hiyo. Ukiiacha ipenye, haikawii kujazana juu ya shaba, na hapo huna tena cha kutazama.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, mwisho kabisa wa korido, kwa kuwa mashine ile haikupenda mtikisiko. Watu waliokwenda stoo walichungulia, wakasema, "Habari za kazi, Bi Shaba?" na kabla hajajibu walishapita. Hakuwalaumu. Siku nyingine neno lake la kwanza alilitoa mchana, na aliiambia pampu: "Na wewe leo unakohoa nini?" Nyumbani nako alikuwa na redio, na redio haimwulizi mtu ameshindaje.

Wiki hiyo chumba kilikuwa kimepewa mtu mwingine, mtaalamu wa leza, mtu mwenye adabu zake ambaye alikuja kupima kuta kwa futi huku akiomba radhi kila anapopiga hatua. Chungu kilikuwa kinakwenda kufunguliwa na kupelekwa stoo. Na potasiamu iliyobaki ndani yake ilitosha jaribio moja tu. Ilikuwa imefungwa kwenye kijaluba chembamba cha chuma. Ukipitisha umeme, kijaluba kinapata moto na kutema atomi za potasiamu kuelekea kwenye shaba. Kikikauka, ndio basi.

Jaribio hilo moja Bi Shaba alilitaka kwa jambo moja. Alitaka kuziona tena nukta fulani alizowahi kuziona mara moja maishani. Akiziona, alikuwa na hakika, angempigia simu wifi yake, aliyekuwa hasemi naye kwa miaka, wangeelewana, na angepata tena mahali pa kwenda siku za mapumziko.

Sasa, wifi huyu hakuanza kuwa wifi. Alianza kuwa mwenzake wa kazi, na chungu kile walikiunga pamoja, boliti kwa boliti. Siku moja pampu ikavuja, na Bi Shaba akamwita mdogo wake wa kiume, fundi wa majokofu, aje kuitazama. Kazi ya saa moja ikamchukua kijana siku nzima. Kesho yake akarudi kuhakikisha. Keshokutwa akarudi tena. Bi Shaba akajua pampu imeshapona siku nyingi, mgonjwa ni mwingine. Mwaka haujaisha, harusi.

Mawifi wale walitaniana mpaka pampu zikaona haya. Potasiamu ndiyo ilikuwa ikiwapa maneno. Atomi ya potasiamu ina elektroni moja ya nje ambayo imeishika kwa mkono mlegevu. Ikitua juu ya shaba inaiachia, shaba inaipokea, na potasiamu inabaki na chaji. Ya pili ikitua, nayo ni hivyo hivyo. Sasa zina chaji ya aina moja, kwa hiyo zinasukumana. Ndiyo maana zikiwa chache, kila moja inakaa mbali na nyingine kadiri nafasi inavyoruhusu, kama wagonjwa wasiojuana kwenye benchi la zahanati asubuhi. Ukizidi kuongeza, zinasogeleana kwa kukosa pa kwenda, mpaka mwisho zinashikana na kuwa tabaka moja la chuma. Atomi hazionekani kwa jicho. Unarusha elektroni kwenye shaba, zinaruka na kugonga kioo kinachowaka kijani, na kwa mng'ao wake unasoma nani amekaa wapi. Atomi zikiwa zimeachana nafasi sawa bila kushika mstari, kioo kinaonyesha duara. Zikijipanga, duara linakatika na kuwa nukta.

"Wifi," alikuwa akisema yule mwenzake duara likitokea, "wenzio wanavishwa pete kidoleni, wewe yako iko ndani ya kioo. Utaitoaje?"

"Afadhali yangu," Bi Shaba hujibu, "haitumbukii kwenye sufuria."

Wifi aliposhika mimba aliendelea kuja kazini, na tumbo lilipokuwa kubwa akawa anaegesha spana juu yake. Alisema mtoto ameshaajiriwa. Bi Shaba hakuwahi kumwambia mtu, lakini siku hizo ndizo zilikuwa siku zake za raha. Alikuwa mtu wa watu wawili, na wa tatu yuko njiani.

Kisha ikaja siku ya nukta. Wifi alikuwa amebaki nyumbani, miguu imevimba, na Bi Shaba alikuwa peke yake. Mchana akapigiwa simu na mdogo wake kwamba wifi amepelekwa hospitali. Alifika jioni. Aliwaeleza kilichomchelewesha, na aliwaeleza vile vile kila alipoulizwa baadaye: simu ilipolia alikuwa ameshaanza kumwaga potasiamu, na ukishaanza huwezi kuondoka, uso wa shaba unaharibika na kazi yote inapotea. Wifi mwenyewe alijua hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa na msemo wao wa chumbani: uso uliosafishwa hauachwi.

Mtoto alikuwa amezaliwa hana uhai.

Nimtendee haki: alisema pole. Alisimama pembeni ya kitanda akasema pole, na baada ya hapo hakujua mikono aiweke wapi. Kuna watu msiba unawafungua mdomo na kuna watu unawafunga, na yeye alikuwa wa kundi la pili. Lakini mkono mtupu haulambwi, alijiambia, na ndani ya mkoba alikuwa na kitu kizuri. Akatoa picha. Mchana ule ule nukta zilikuwa zimetokea mapema kuliko zinavyopaswa, bila hata duara, potasiamu ikiwa bado kidogo, na badala ya kukimbiana, atomi zilikuwa zimejipanga safu: karibu karibu upande mmoja, mbali upande wa pili. Mpangilio huo hakuna aliyewahi kuuandika. Akamwekea wifi yake picha mbele ya macho.

"Tazama, wifi. Zimejipanga."

Wifi aliitazama picha kwa muda mrefu. Akasema, "Hiyo ni salfa tu," akageukia ukutani.

Ndani ya kila kipande cha shaba mna salfa kidogo. Ukikipasha moto vibaya, inapanda kutoka ndani, inatandaa juu, na inajipanga kwa nukta zake yenyewe. Mwanafunzi wa mwanzo mwanzo ndiye anayeona nukta hizo akarukaruka. Kumwambia Bi Shaba ameleta salfa ni sawa na kumwambia mpishi wa miaka mingi kwamba ametia mchanga akidhani ni chumvi. Alitoka pale hospitali akitetemeka. Na nitasema wazi, kwa kuwa mwenyewe hakulisema: alitetemeka kwa ajili ya picha.

Dawa ya ubishi ule ilikuwa rahisi. Ukizipata nukta, pasha shaba taratibu. Potasiamu itaruka na kwenda zake, salfa itabaki pale pale. Nukta zikitoweka, zilikuwa za potasiamu. Ila Bi Shaba aliporudi siku iliyofuata uso ulikuwa umeshachafuka, na alipoanza upya, nukta hazikuja. Alisafisha, akapoza, akamwaga potasiamu: duara. Akarudia: duara. Alimwandikia wifi yake ujumbe, "Nimepasha shaba tupu, sioni salfa." Hakujibiwa. Akaandika tena, na tena, na mahesabu juu. Mdogo wake akampigia, sauti imekauka: "Dada, achana na hayo mambo." Yeye akasikia kwamba mdogo wake amechukua upande. Wifi hakurudi kazini; alikwenda kufundisha fizikia shule ya sekondari ya wasichana. Baadaye akajifungua mtoto wa kiume, ambaye Bi Shaba alimjua kwa picha za simu. Mtoto ana shangazi mmoja duniani, na hajui shangazi huyo anacheka vipi.

Basi turudi kwenye chumba kile, siku ile ya potasiamu ya mwisho.

Alianza asubuhi, kwa kanuni. Aliupiga uso wa shaba kwa gesi ya argoni kuondoa takataka, akaupasha moto mpaka ukawa mwekundu wa mbali ili utulie, akazima. Sasa ilibaki kusubiri upoe ndipo amwage potasiamu. Akavuta kiti. Korido ilikuwa na vishindo vya watu wakihamisha makabati, na mtaalamu wa leza alisikika akiwaambia, "Taratibu jamani, mama yumo ndani bado." Bi Shaba alisikia lile "bado" akalimeza.

Alikuwa anajua atakachokiona. Ataona duara, kama alivyoliona kila mara, kisha atafunga koki, atawapa chumba chao, na wifi yake ataendelea kuamini kwamba yeye hajui salfa. Akajiuliza, kama alivyojiuliza mara zisizo na idadi, siku ile alifanya nini ambacho hakifanyi tena. Na kwa kuwa hakukuwa na jaribio lingine la kukimbilia, safari hii hakuanza na mashine. Alianza na siku yenyewe, kitu ambacho hakuwahi kukithubutu. Alikuwa amekaa wapi? Hapa hapa. Alikuwa anasubiri nini? Shaba ipoe. Simu ikalia. Mdogo wake akasema, "Dada, wifi yako tuko naye hospitali, hali si nzuri, njoo." Akasema, "Nakuja." Akainuka. Hata mkoba aliushika. Akaitazama shaba, safi kabisa, na akaona uchungu kuiacha. Akasema nimalize hiki kimoja haraka haraka. Akawasha kijaluba.

Hakusubiri ipoe.

Bi Shaba alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. Shaba ilikuwa ya moto! Miaka yote hii ameipoza kwa kanuni, akamwaga potasiamu juu ya uso baridi, na atomi zilipotua ziliganda pale pale, kila moja kivyake. Siku ile zilitua juu ya uso wenye joto, zikaweza kutembea, na shaba yenyewe, atomi zake za juu zikiwa bado hazijatulia, ilisogea ikafanya mifereji, na potasiamu ikaketi ndani ya mifereji, safu kwa safu. Ni kitu cha wazi kiasi kwamba alijigonga paji la uso. Akatazama kipimajoto. Ilikuwa bado ya moto, ila si moto wa kuifukuza potasiamu. Akawasha kijaluba.

Kioo kilikuwa na nukta za shaba tupu. Kisha ukungu. Kisha, bila duara kutokea, nukta mpya zikaanza kujitokeza katikati ya zile za zamani, hafifu, kisha kali, zimenyooka mstari. Alizitazama huku mkono umeziba mdomo. Zilikuwa ni zile zile.

Akapiga picha. Akazima kijaluba, ambacho kilikuwa kimetoa cha mwisho kilichokuwa nacho. Kisha akafanya lile ambalo siku ile hakulifanya: akaipasha shaba, taratibu. Kama nukta zingebaki, basi wifi alisema kweli na yeye alikuwa mjinga. Nukta zikafifia. Zikawa kama za kufikirika. Zikaisha. Kioo kikabaki na shaba peke yake, na hakuna salfa hata ya dawa.

Alicheka kwa sauti, mwenyewe, chumbani. Akachungulia koridoni atafute mtu wa kumwambia, akawaona wabeba makabati, akarudi ndani. Hata wangesimama, angewaeleza nini? Duniani palikuwa na mtu mmoja ambaye angeelewa kwa sentensi moja. Akatafuta namba, na mtu hodari wa kusoma nukta kama huyu, hakuona hata kidogo anakwenda kusema nini.

Simu iliita mpaka karibu ikatike.

"Haloo?"

"Wifi, ni mimi."

Kelele za wasichana walio mapumzikoni zilisikika, kisha mlango ukafungwa na kelele zikapungua. "Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Wifi, nimezipata. Zile nukta. Nimepasha, zimetoweka zote. Haikuwa salfa."

Alibana simu zaidi sikioni.

"Umenisikia? Haikuwa salfa, wifi."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba si salfa. Niliona pale pale kitandani. Salfa haikai vile, mimi sikuwa mjinga." Sauti haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka. "Nimelala pale sina mtoto, wewe unaniwekea picha usoni. Nilitafuta neno la kukuumiza, nikaona ni hilo moja tu litakaloingia. Nikajua kesho utarudi, tutalia wote, yaishe. Kesho ukaniletea mahesabu ya salfa."

Bi Shaba alitafuta kiti kwa mkono, akakikuta chini, akabaki amesimama.

"Zilikuwa nzuri lakini," wifi alisema, na kidogo tu, sauti ikawa ile ya zamani, ya chumba kile. "Umezirudishaje? Si ulikuwa unapata duara tu?"

"Shaba ya moto!" Bi Shaba aliidaka sauti ile kama mtu aliyetupiwa kamba. "Tulikuwa tunaipoza kwanza, ndiyo kosa. Ukimwaga ikiwa bado ya moto, zinatembea, zinapata mifereji. Siku ile sikusubiri ipoe, ndiyo siri yote."

"Hukusubiri? Wewe?" Wifi karibu acheke. "Kwa nini hukusubiri?"

"Kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameshapiga simu, nikataka nimalize ha—"

Hakumaliza. Alisikia mwenyewe, na upande wa pili alikuwa mtu ambaye alijua chungu kile kama jiko lake, anajua kinachoanza na kinachofuata.

"Basi alipopiga," wifi alisema polepole, "ulikuwa hujaanza."

Bi Shaba aligeuka akakipa chungu mgongo.

"Ulituambia ulikuwa umeshaanza. Mimi nikasema haya, kazi ni kazi, mimi mwenyewe ndiye niliyesema uso hauachwi. Hilo nilikusamehe. Niliuliza uko wapi mpaka manesi wakachoka, na bado hilo nilikusamehe."

"Wifi..."

"Shaba tupu, wifi. Ulikuwa na shaba tupu."

Maneno yote aliyokuwa ameyapanga kwa miaka yalihusu potasiamu. Alipapasa ndani yake akitafuta mengine, na lililokuja lilikuwa dogo, na lilikuwa limechelewa mno. "Alikuwa mtoto gani?"

"Wa kike." Wifi alivuta pumzi. "Hujawahi kuuliza, ujue. Tulishampa jina kabla. Mdogo wako hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Tulimpa lako. Alikuwa somo yako."

Kengele ya shule ikalia kule, ndefu. Bi Shaba alingoja iishe, akasema, "Naweza kuja?"

"Si leo," wifi alisema. "Nina kipindi." Akakata.

Aliinua kiti, akaketi mbele ya chungu chake. Koridoni mtaalamu wa leza alibisha kwa ukucha akauliza kama mama amemaliza, kisha akaondoka kwa kunyata. Ndani, Bi Shaba alikuwa amejiinamia, analitaja jina lake mwenyewe kwa sauti ya chini, na kila alipolitaja lilikuwa si lake. Hakulilia picha, wala chumba, wala wifi. Alimlilia yule mtoto, kwa mara ya kwanza, miaka mingi baada ya wenzake kumaliza kumlilia pamoja, na alimlilia peke yake.